Siku ya Tisini na Tisa

"Mkalie miguu! We mama, mkalie miguu, atatuvunja meno huyu!"

Mama Friji akajitupa mzima mzima. Mtu wa kilo tisini akishakukalia hutikisiki tena, na yule waliyemwita Miwani hakutikisika. Alibaki na kelele tu, shati zima limelowa damu. Hatua mbili kutoka kichwani pake, kwenye vumbi la mbao chini ya msumeno, vidole viwili vilikuwa vimelala kama vitu vilivyosahauliwa.

"Hospitali!" Miwani alilia. "Vinashoneka, jamani! Tukiwahi vinashoneka!"

"Funga domo!" Shemeji, aliyemkalia kifuani, akamzaba kibao cha kushoto. Miwani ya macho ikaruka huko.

Usiwalaani kabla hujaisikia habari ya bahasha.

Mshahara wa kiwanda kile cha mbao ulikuwa wa kodi na ada. Unaingia mlangoni, unatokea dirishani, hakuna aliyeuita wake. Bahasha ndiyo ilikuwa mali. Siku mia bila mtu kutoka damu, kila mmoja anapewa bahasha yenye mishahara miwili. Tone moja likiandikwa kwenye daftari la majeruhi, ubao wa getini unarudi sifuri, wanakosa wote ishirini na sita. Na asubuhi ile ubao ulisema tisini na tisa.

Mama Friji hakupewa jina hilo bure. Friji alishaichagua, ya milango miwili, kaishapimia kona ya jikoni, kaishagombana na mumewe nani atashika funguo. Shemeji, mdogo wa huyo mumewe, alikuwa na pikipiki nyekundu dukani kwa watu. Kila Jumamosi anakwenda kuipapasa kiti. Vitu havijanunuliwa, lakini viguse uone!

"Meneja huyo!" mtu akaita kutoka mlangoni.

Hapo ikawa vita. Mama Friji akamsokomezea Miwani kitambaa cha grisi mdomoni. Miwani akamng'ata. Ngozi ikachanika, na mama wa watu akakinyonya kidole haraka, akameza damu yake mwenyewe, maana siku ile haikutakiwa kuonekana hata damu ya mbu. Halafu akamshushia ngumi ya pua. Wanaume wawili wakamfunga mikono kwa kamba ya magogo, wakamburuta nyuma ya rundo la mbao, Shemeji akamkalia tena. Mfagizi akamwaga ndoo ya vumbi la mbao juu ya vidole na ile damu yote. Msumeno ukawashwa, ukanguruma.

Meneja akapita taratibu, mikono nyuma. "Kesho, eeh?"

"Kesho, bosi!" wakaitikia kama kwaya.

"Miwani simwoni."

"Chooni, bosi," alisema Mama Friji. "Tumbo limemshika vibaya."

Alitupa jicho nyuma ya mbao. Uso wa Miwani ulikuwa umevimba, jicho moja limeshafunga, anavutia hewa kwenye pua iliyojaa damu. Huruma ikampanda Mama Friji hadi kooni. Akaikumbuka friji. Huruma ikashuka.

Meneja akatoka. Geti likalia. Msumeno ukazimwa, na kiwanda kizima kikashusha pumzi.

Mama akachomoa kitambaa. Miwani akakohoa, akatema jino. Hakumtukana mtu.

"Nifungueni mikono," alisema huyo mtu wa huduma ya kwanza, mshika daftari la majeruhi, "mniletee kisanduku changu cha dawa. Mnataka afe kweli?"

Shemeji akateleza polepole kutoka kifuani pake, uso umekuwa wa majivu. Akatoa mkono wa kulia mfukoni, suruali imelowa mpaka gotini, akamnyooshea vidole vitatu.

"Nifunge, kaka," alinong'ona. "Ila kwenye daftari usiniandike."