Kipande cha Boksi

Somo la mwisho lilihusu kipande cha boksi.

Marlys Dykhouse alikikunja mara nne, akakipachika chini ya mashine pale waya unapoingilia, kisha akaisogeza simu karibu ili mwalimu aone vizuri. "Nakunja," alisema kwa Kihispania, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Naweka hapa. Mashine inatulia."

"Kwa nini unaweka hapo, Bi. Marlys?" Itzel, mwalimu wake, aliuliza kutoka kwenye simu. "Nieleze. Sentensi nzima."

Marlys aliyatafuta maneno, akayapata. Mashine namba nne ilikunja springi za magari, na ilimzidi umri kwa mwaka mmoja. Ikianza kutetemeka, springi zilitoka zimepinda. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiituliza kwa kipande cha boksi, na hakuna kitabu chochote pale kiwandani kilichoandika jambo hilo.

Mambo yalianza mwezi Machi. Haverkamp, meneja wao, aliwakusanya akawaambia kwamba kampuni inafungua kiwanda cha pili Querétaro, kule Mexico. Mmoja wao angepelekwa huko miaka miwili kuwafundisha kazi wenyeji, na angekwenda yule atakayejifunza lugha. Masomo yangelipiwa na kampuni.

Wote sitini na wawili walicheka.

"Wajifunze wao Kiingereza," alisema Duane, jirani yake wa mashine namba tano. "Mimi nimekwenda Cancún, huko huko Mexico, mara tatu na sijawahi kulala na kiu. Unapaza sauti tu, unanyoosha kidole."

Marlys peke yake ndiye aliyeandika jina. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, na maisha yake yote hakuwahi kufika mbali kuliko Chicago. Pasipoti yake mpya ilikaa kwenye kabati lake la kazini, ndani ya mfuko wa plastiki, na kila asubuhi aliitazama kidogo kabla ya kuvaa aproni.

Mwanzoni alifundishwa rangi, namba na siku za wiki. Kufikia mwezi wa pili walikuwa wamehamia kwenye mambo ya kazi. "Mtu hujifunza haraka akizungumzia anachokijua," Itzel alimwambia, na Marlys akaona ni kweli. Alieleza nati ya kushoto, kwamba huzungushwa robo tu, ukifika nusu umeharibu. Alieleza kwamba majira ya baridi lazima waya upashwe moto kando ya hita dakika ishirini. Itzel alimsahihisha vitenzi, kisha akauliza tena: "Na ikilia je? Inalia vipi? Hebu nisikie." Nyuma ya sauti yake kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi, haipumziki.

Alikuwa msichana mpole. Siku nyingine aligeuka pembeni kabla ya kuuliza swali, kama mtu anayesubiri kuruhusiwa.

Mwezi Agosti mashine namba mbili na namba tatu zilipakiwa kwenye lori kwenda matengenezo. Mashine ya soda haikujazwa tena tangu Septemba. Oktoba watu waliulizia glavu za baridi, na Haverkamp akajibu kwamba ziko njiani, huku akivitazama viatu vyake. Picha za wanawe zilitoweka ukutani ofisini, zikabaki alama nne za mraba, nyeupe.

"Atakuwa anataka kupaka rangi," Duane alisema. Alikuwa amenunua nyumba kwa mkopo mwezi Juni, na tangu hapo kila kitu alikiona kwa jicho jema. "Haya, Mama Mhispania, wamekufundisha nini leo?"

"Nati ya kushoto."

"Miezi minane, bibie, na bado mko kwenye nati. Hata kuagiza bia hujui?"

Marlys alicheka, kwa sababu kweli hakujua. Duane alimkatia nusu ya sandwichi yake. "Ukifika huko niletee kofia. Ile pana, yenye kivuli cha familia nzima."

Sasa, boksi likiwa chini ya mashine namba nne, springi zilikuwa zinatoka zimenyooka, moja baada ya nyingine. Itzel alizitazama, akaandika.

"Ni hivyo tu?" aliuliza. "Hakuna kingine?"

"Hivyo tu, mwalimu. Yote ninayoyajua, sasa unayajua."

"Basi umefaulu, Bi. Marlys." Sauti yake haikuwa ya mtu anayetoa pongezi.

Marlys aliweka mkono kifuani. Kutoka mashine namba tano Duane alimwinulia nyusi, akiuliza. Alimwitikia kwa kichwa, na Duane akajivisha kofia ya hewa, pana kama meza, akamwinamia.

Kwenye simu lilitokea bega la mwanamume. Mtu huyo alizungumza Kihispania cha haraka, kile ambacho watu huzungumza wakiwa nyumbani kwao.

"Kumbe ni boksi tu. Tangu Agosti tunahangaika na zile mashine mbili walizotuletea, kumbe ni boksi."

"Polepole," Itzel alisema. "Anasikia."

"Asikie. Umewahi kumwona Mmarekani aliyejifunza lugha ya mtu? Huyo anajua nati na waya." Alicheka kidogo. "Mpigie Haverkamp, mwambie tumemaliza nao. Ijumaa anaweza kukifunga kiwanda na kuwarudisha wote makwao."

Itzel aliinamisha macho.

Hakuna hata neno moja lililompita Marlys. Siku za wiki alikuwa amezijua tangu somo la kwanza.