Ndala Mlangoni

Kwa Shomvi, mkodisha vitabu, desturi ilikuwa moja: hupewi kitabu kingine mpaka utoe maoni yako juu ya kile ulichosoma. Riziki hakuwa mchoyo wa maoni.

“Waandishi wa siku hizi hawatishi, kaka Shomvi,” alisema, akimrudishia kijitabu chembamba kisicho na jina la mwandishi. “Damu kibao, mayowe kibao, na mtu unasoma huku unamenya karanga. Humu hadithi iliyonigusa ni moja tu, ile ya mwanamke anayeishi peke yake, anarudi nyumbani anakuta ndala za mtu mlangoni.”

“Ilikutisha?”

“Ilikaribia. Mtu akivua viatu nje, maana yake yumo ndani. Hapo kapatia. Lakini ndala kavu? Ingekuwa mimi ningezilowesha chapachapa, na huku kiangazi kimepamba moto. Msomaji abaki anajiuliza huyu katokea wapi.”

Shomvi alikipokea kitabu kwa mikono miwili. “Nitamfikishia mwandishi,” alisema, wala hakutabasamu.

Riziki alirudi nyumbani, alikoishi peke yake, jua likimchoma utosini. Kufuli la mlango wake lilikuwa limefungwa vilevile alivyoliacha. Chini yake, kizingitini, zilikaa ndala mbili za bluu, visigino vikielekea nje, zikichuruzika maji.

Alisimama na ufunguo mkononi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, akapiga hodi nyumbani kwake.