Joto la Watu Wawili

Kayaki za siku hizi hazitoki ufukweni mpaka zihisi joto la watu wawili. Ni amri ya wakubwa, eti usalama wa raia. Sudi anajiuliza usalama huo ulikuwa wapi siku mkewe, Mize, alipofia kwenye foleni ya hospitali.

Basi akalijaza jaketi la Mize chupa za maji ya moto, akafunga zipu mpaka shingoni, akaliketisha kwenye kiti cha mbele.

"Karibu Sudi, karibu Mize," kayaki ikasema, ikateleza majini.

Moyo ulimdunda kama wa mtoto siku ya sikukuu. Siku nne alipiga kasia kando ya majabali ya barafu, sili, wale wanyama wa bahari ya baridi, wakimchungulia, na kila alipopiga kambi alichemsha maji upya.

"Tumewapiga chenga, mama," aliliambia jaketi, akacheka hadi hema likatikisika.

Asubuhi ya tano kisiwa kikaonekana, kile ambacho picha yake Mize aliibandika jikoni kwa miaka kumi na miwili. Lakini wimbi lilikuwa limemlowesha Sudi mwili mzima, na gesi ilibaki ya birika moja tu. Ama ayanywe maji hayo apate joto, ama ampe Mize, la sivyo kayaki isitoke ufukweni.

Akamimina yote kwenye chupa za Mize, akaingia, akashika kasia.

"Mize yuko vizuri," kayaki ikasema. "Sudi, bado upo?"

"Nipo," alijibu, meno yakigongana. "Twende, Mize keshakiona kisiwa."

Kayaki ikauliza tena, "Sudi, bado upo?"