Damu ya Baba Gift

Siku ile mjinga alikuwa Polycarp. Tuanze na hilo, tusije tukasumbuana mbele ya safari.

Alikuwa ameubana mkono wa sweta la binti yake, Gift, ndani ya duka la dawa kule Malton, ughaibuni, na hakutaka kuuachia. Sindano ilikuwa tayari. Majira ya baridi yaliyopita korona ilimkuta Gift na pumu yake, akalazwa akipumulia mashine. Sasa baridi nyingine ilikuwa mlangoni.

"Baba Gift, achia mkono," mkewe Benedicta alisema kwa sauti ya chini, ile ya kuogopwa.

Hakuachia. Video aliyorushiwa kwenye simu ilisema chanjo hii ina RNA mjumbe, na mjumbe huyo huingia kwenye jeni za mtu akazichakachua.

Mfamasia, Josaphat wa Bukavu, akamuuliza kazini kwake wanafanyaje. Polycarp hupakia mizigo kwenye ghala jirani na uwanja wa ndege. Akaeleza: oda yenyewe hukaa ofisini, ghorofani, chini hushuka nakala, wanapakia, nakala inachanwa.

"Basi, Papa Gift, jeni ndiyo ile ya ghorofani. RNA mjumbe ni nakala tu. Seli inaisoma, inatengeneza protini, inaichana. Sisi tunaleta nakala yetu, mwili utengeneze protini moja ya virusi, ujifunze kumtambua adui. Ghorofani haipandi."

Polycarp alielewa, na hilo ndilo lililomkera. Akapandisha sauti mpaka foleni nzima ikageuka. Mtoto huyu ana kicheko cha baba yake, alisema. Anakoroma kama yeye, hata kununa ananunia upande mmoja wa mdomo kama yeye. Tangu picha ile ya uwanja wa ndege wa Pearson, amesimama kang'ang'ania suruali ya baba yake, picha wanayoikatia keki kila mwaka, ni yeye mtupu.

"Nakala ikikosea njia je? Damu yangu yote iliyomo humu itapotea."

Benedicta akatazama sakafu. Josaphat akaiweka sindano kwenye sinia, akasema hawezi kumchoma mtoto aliyeshikiliwa hivyo, na wengine wanasubiri.

Gift, ambaye nyumbani huulizwa kwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, safari hii alijibu kwa Kiswahili, polepole, huku akivibandua vidole vya baba yake kimoja kimoja.

"Baba, siku ile ya Pearson, mliponipokea, ndiyo nilianza kuwa mtoto wenu. Hizo jeni zako nilizipata wapi?"