Ukuta wa Bi Siti

Siku hizo Jumba la Sanaa ya Leo lilikuwa na haki ya kutwaa kazi yoyote popote ilipo, hata jikoni kwa mtu. Kazi ikishatwaliwa haikuguswa tena, hata na mkono ulioichora.

Kwa Mwanahawa, kule Tanga, walitwaa ukuta wa jikoni. Mama yake, Bi Siti, alikuwa amesahau hata majina ya wanawe, lakini kila asubuhi alichora kuku kwenye ukuta huo kwa mkaa na manjano, na roho yake ikatulia.

"Sanaa ni ya watu wote," Bwana Kihiyo, afisa wa Jumba, alimweleza Mwanahawa kwa upole. "Sisi tunailinda tu."

"Na mwenyewe akitaka kuendelea?"

"Ataiharibu, dada yangu."

Wageni wakaanza kuja. Walivua viatu mlangoni, wengine walitokwa na machozi, na Mwanahawa, kusema kweli, alijivuna.

Asubuhi moja wageni wakiwa wamejaa jikoni, Bi Siti alichovya kidole kwenye manjano akaufuata ukuta. Mwanahawa akamdaka mkono.

"Niache! Kuku huyu hana macho."

"Mama, hairuhusiwi."

Akamvutia kwenye beseni, akamwosha vidole kimoja kimoja huku wageni wakitazama. Bi Siti aliacha kushindana. Akageuka, akamwangalia binti yake kwa haya.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikujua kama hapa ni kwa watu. Kwani mama mwenye nyumba yuko wapi?"