Makala ya Kipa Mkongwe

Makala ya kwanza ya binti mwanagenzi wa gazeti ilikuwa tamu, mhariri wa michezo alikiri hivyo mbele ya chumba kizima cha habari. Ilikuwa na kasoro moja tu: mzee aliyeandikwa alikuwa bado hai.

"Ni taazia hiyo, dada," mhariri alimwambia. "Tunaiweka tayari. Siku akifa, inatoka na jina lako juu."

Binti alidhani anamwandikia sifa kipa wa zamani wa timu ya taifa. Mwezi wake wa majaribio ulikuwa ukingoni, na asiyetokea gazetini hata mara moja hufungasha virago. Mechi kubwa zote walikuwa wamezikamata wakongwe. Yeye aliachiwa matokeo ya mchangani, nayo yalikatwa kila siku kupisha matangazo.

Kipa naye, tangu binti amhoji, hakumpa nafasi ya kupumua. Aliishi peke yake kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji, na kila asubuhi alipiga simu.

"Mjukuu wangu, leo nimo?"

"Bado, babu."

"Nimepekua mpaka kurasa za biashara!"

Mwishowe uongo ulimshinda binti. Alimfuata kwake akamweleza ukweli wote, machozi yakimlengalenga: makala ile ni ya siku ya msiba, na yeye atakuwa ameshafukuzwa kabla haijatoka. Mzee alijisugua vidole vilivyopinda kwa kudaka mashuti. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Lo! Kumbe mimi ndiye niliyekukalia kooni? Pole, mjukuu wangu. Na nilivyokuwa na hamu ya kuisoma!"

Majaribio yakiwa yanakwisha, jioni moja mhariri alimwita. "Kipa wako katutoka. Mtu wa nyumbani kwake amepiga simu sasa hivi, sauti imemkauka. Kesho tunaitoa, ukurasa mzima." Akamgusa bega. "Na ajira umepata. Usilie basi."

Alilia. Alijiona mchawi, maana ndani ya kilio kile mlikuwa na chembe ya furaha, na hakuweza kuitoa. Asubuhi alichukua gazeti, jina lake likiwa juu kwa herufi nene, akaenda msibani.

Nyuma ya gereji hapakuwa na kiti hata kimoja kilichotolewa nje. Mafundi walikuwa wakigonga mabodi ya magari na kutaniana kama kawaida. Jamani, mtu aliyewahi kubebwa juu juu na uwanja mzima, leo hana hata wa kumlilia! Akasukuma mlango.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, amenyoa ndevu, amevaa shati la kutokea, gazeti limefunguliwa mapajani.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Nilipiga simu mwenyewe. Nimekaa hapa tangu alfajiri nione nani atakuja kunizika. Umekuja wewe tu."