Bahari Chini ya Mashamba ya Ngano

"Wallahi, binti yangu, haya ni kweli tupu," alisema Hattab akishuka ngazi za mawe, mkono mmoja umeshika ndoo ya maji, wa pili unapapasa ukuta. "Nikitia chumvi hata punje moja, kazi hii nisiifanye tena."

Mgeni wake hakucheka. Jina lake Sihem, mkaguzi kutoka Tunis, ametumwa kuwapima walinzi wazee wa magofu: nani abaki, nani akapumzike nyumbani. Viatu vyake vilikuwa vipya, vinalia kila ngazi.

Hattab alimwogopa kuliko alivyowahi kumwogopa mtu. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa ameilinda nyumba hii, ambayo Warumi waliichimba chini ya ardhi kulikimbia jua la kiangazi. Tangu mkewe Zohra afariki, kule kijijini kulibaki kiti na redio. Wakimpumzisha, atapumzika kwenye kiti hicho mpaka waje kumbeba.

Langoni, Mongi mkata tiketi alikuwa amemtania kama kawaida.

"Ami Hattab! Punda wako kakuleta mapema leo. Homa imekuachia?" Kisha akamshika mkono, akanong'ona. "Ngoja kwanza, Ami. Wiki ile uliyolala, kule chini walikuja watu na..."

"Umbeya wako tutaunywea chai baadaye," Hattab alimkatiza. "Mgeni hasubirishwi."

Sasa, chini ya ngazi, tochi ilibofywa.

"Nikumulikie, Ami?"

"Mimi? Nyumba hii inanijua kwa harufu. Jimulikie mwenyewe. Warumi hawakujenga kwa kufikiria viatu vya mjini."

Waliingia chumba kikubwa, baridi tupu. Hattab alisimama pale kamba ya kuzuia wageni ilipomgusa tumbo, akatua ndoo, akakohoa kusafisha koo.

"Basi. Mwenye nyumba alikuwa tajiri wa ngano, mkewe mtoto wa pwani. Asubuhi bahari, jioni bahari, mama wa watu analia tu. Na mume, bahili! Kumpeleka pwani anaona hasara. Akamwita fundi: niletee bahari hapa hapa, picha ya vijiwe sakafuni. Fundi akaileta. Ila naye, maskini, akampenda yule mama."

"Nani alikusimulia hayo?"

"Fundi mwenyewe! Unadhani kwa nini kamtengeneza mzuri hivyo? Kapanda mgongo wa pomboo, nywele zinapepea, hana habari na mtu. Na mume je? Haya, mtazame yule samaki wa pembeni, mdomo wazi, macho yamemtoka kama mtu aliyetajiwa bei. Ndiye huyo!"

Hapa wageni wote huangua kicheko, hata Wajerumani. Viatu vya Sihem vililia mara moja tu.

Jasho lilimtoka Hattab, na baridi yote ile. Labda hadithi imechuja. Labda wa mjini wamekwisha kusikia kila kitu. Lakini kuna jambo moja ambalo halijawahi kumwangusha.

"Subiri. Rangi zimelala kwa vumbi, tuziamshe."

Akachota maji, akayarusha kwa mzunguko mpana wa mkono, kama mtu anayepanda ngano. Siku zote maji yakiangukia vijiwe hulia kofi, na kofi lile hurudi kutoka kwenye dari. Leo yalianguka kimya, yakanyweka. Kiangazi gani hiki, aliwaza, hata mawe yana kiu. Akarusha tena.

"Umeona? Umeona midomo ilivyokuwa myekundu? Sasa mwangalie jicho. Nenda kulia, nenda kushoto, linakufuata tu. Nakuapia, sasa hivi linakutazama wewe."

Viatu vilikwenda kulia, taratibu. Vikarudi kushoto. Vikasimama.

"Si ni mzuri?" Hattab aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Sema tu, binti yangu. Si ni mzuri?"

"Ami Hattab." Alisema kwa upole, upole ule wa watu wanaoingia kwenye nyumba ya msiba. "Nilikuwa nangoja uniambie kwamba unanitania."

"Nikutanie nini?"

"Sakafu hii tuliing'oa Jumanne iliyopita. Imekwenda makumbusho. Hapa pamebaki udongo."

Hattab aliisukuma ndoo kando. Alijikunja, akapita chini ya kamba, akapiga magoti. Vidole vyake vikazama kwenye tope, tope la maji yake mwenyewe. Akapapasa mbele, akapapasa pembeni, akageuka, akatambaa, akimtafuta yule mama, na pomboo wake, na hata yule bahili mdomo wazi. Tope. Kila mahali tope.

Mwishowe aliinuka. Akalifungua shada la funguo kiunoni, akalishika kidogo, kisha akalinyoosha mbele yake kwa mkono uliochafuka.

"Niko huku, Ami," ilisema sauti ya Sihem, nyuma yake.